Robo ya Watu wa Tansley

Tansley, Alabama
20 Juni 2003

Dada yangu mpenzi Zuleha,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii inakukuta mzima, miguu imepoa na zamu za hospitali hazikuchoshi sana. Sisi hatujambo. Iman hajambo, na yule tuliyemngojea miaka mitatu hajambo pia. Sasa anapiga mateke hata mimi nayaona juu ya nguo.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu kwenye simu huwa unanisikiliza sauti kuliko maneno. Na simu yenyewe tumeikata.

Nina habari ya kukuchekesha. Serikali imetoa orodha mpya mwezi huu, na sisi imetuweka Birmingham. Hatukuomba wala hatukuulizwa. Tulilala tunapolala siku zote, tukaamka tuko Birmingham. Kwa hiyo mimi na wewe sasa ni watu wa mji mmoja, na mama akikuuliza mwambie wanawe wamekutana. Wenzetu wengine wamefurahi, wengine wamenuna. Mimi mwenyewe sijui nifurahi au ninune. Nitakueleza zaidi nikipata nafasi, sasa nawahi kazini maabara.

Ndugu yako,
Mwadini

*

Kings Heath, Birmingham
3 Julai 2003

Mwadini ndugu yangu,

Uko wapi?

Barua yako imefika Jumatatu. Nimeisoma nimesimama mlangoni, mfuko wa viazi ungali mkononi. Juu umeandika Tansley na stempu ni ya Amerika, nikasema basi aliiandika kabla ya kuondoka. Sikushangaa khasa. Hapa tunajua maana ya kuwekwa Birmingham na serikali. Wapo watu wetu waliotoka Pemba baada ya mambo ya risasi ya Januari 2001, wakaomba hifadhi London, na asubuhi moja wakapandishwa basi wakaletwa huku bila ya kuulizwa. Nikasema na Mwadini yamemfika Amerika yaliyomfikisha hapa, na kwa kuwa ni mtu wa kuficha mambo, ameyafanya mzaha.

Nikampigia mama huko Wete. Alilia, ndugu yangu. Aliita majirani wakasoma maulidi ya shukrani kwamba wanawe wawili wako mji mmoja.

Kisha nikaanza kukutafuta. Nilikwenda kwa Abdulnasir, yule wa Kiembesamaki anayewatafsiria watu mahakamani, akanipa majina ya hosteli tatu. Mbili hazikuwa na Mpemba. Ya tatu iko Edgbaston, nyumba kubwa yenye bustani mbele na mlango uliovimba kwa mvua. Niliwaandikia jina lako kwa herufi kubwa, wakanambia yupo. Wakamteremsha mzee mmoja Mkongo anayeitwa Mwadi, na kofia yake mkononi. Akanitazama, akaniambia, "Mama, miye si ndugu yako. Lakini kama unamukosa, ukuye tena tuongee."

Nililia kwenye kituo cha basi mpaka basi mbili zikapita.

Sasa nakutumia barua hii kwa anwani ile ile ya Alabama, kama umeondoka huenda posta wakajua pa kukufuatisha. Iman yuko nawe? Mwanamke wa mimba ya miezi sita mmemlaza wapi? Chumba changu cha pili nimekitoa makorokoro yote na kitanda kimetandikwa. Njoo hata saa ngapi, na kama niko zamu Jaswinder wa chini ana ufunguo.

Dada yako,
Zuleha

*

Tansley, Alabama
15 Julai 2003

Dada,

Nisamehe. Barua yako niliianza kwa kucheka, nilipofika kwa yule mzee Mkongo nikaacha kucheka.

Sijaondoka. Niko Tansley pale pale, nyumba ile ile, na Iman amekaa barazani anakata bamia. Birmingham niliyokuandikia si hiyo yako. Huku Alabama kuna Birmingham nyingine, mji mkubwa uliojengwa kwa chuma, maili arobaini na nane kutoka kwetu. Nilidhani unajua. Miaka saba nipo huku na kumbe sijakutajia hata mara moja.

Ngoja nikueleze vizuri, ingawa na mimi nimeelezwa mara tatu na kila mara naelewa kitu kingine. Nchi hii imegawiwa kaunti, kama wilaya zetu. Baada ya kila sensa, ofisi moja ya Washington huzikusanya kaunti hizo mafungu mafungu. Penye mji wa watu elfu hamsini na zaidi, kaunti yake inakuwa kiini, na fungu linaitwa metropolitani. Penye mji mdogo, kuanzia watu elfu kumi, mwaka huu wametunga jina jipya, mikropolitani. Zilizobaki hazina jina, ziko nje tu. Kaunti yetu, nayo inaitwa Tansley, ilikuwa nje.

Halafu wanaangalia watu wanakwenda wapi kufanya kazi. Kaunti ya pembeni ikiwa robo ya wafanyakazi wake wanakwenda kwenye kiini, inafungwa pamoja nacho. Hawaulizi watu wanajiona ni wa wapi. Robo ya Tansley inafanya kazi Birmingham, basi Tansley ni Birmingham.

Kinachotuchanganya ni hiki. Karatasi yenyewe inasema mafungu haya ni ya takwimu tu, yasitumiwe kwa jambo jingine. Lakini ofisi nyingine zinaichukua orodha hiyo hiyo kuamua nani wa mjini na nani wa shamba. Hospitali yetu ilikuwa ikisaidiwa kwa sababu ni ya shamba. Ina vitanda ishirini na viwili, na ukifungua dirisha la nyuma unaona ng'ombe. Sasa karatasi inasema ni hospitali ya jiji. Ng'ombe hawajaambiwa.

Usiwe na wasiwasi juu yetu. Mimi nipo maabara kama kawaida, na Iman anatazamwa na daktari wa hapo hapo. Anatarajia katikati ya Oktoba.

Mwambie mama nimekosa. Au usimwambie. Fanya unavyoona.

Mwadini

*

Kings Heath, Birmingham
1 Agosti 2003

Mwadini,

Ungeongeza neno moja tu, "ya Alabama", ningesalimika na aibu hii. Abdulnasir bado anacheka. Jaswinder anasema yeye siku zote alijua kuna Birmingham nyingine. Nikamuuliza, mbona hukunambia? Akajibu, "Hukusema ni ipi." Sasa mtu wa Birmingham atasema ipi?

Mama nimemwambia. Akasema maulidi yamekwisha kusomwa na watu wamekwisha kula, basi yawe ya mtoto anayekuja. Kwa hiyo hilo limekwisha.

Hadithi yako ya mafungu nilimpelekea Bi Hadley. Huyu ni bibi wa Kiingereza, alikuwa mgonjwa wangu wodini, sasa siku zangu za mapumziko huenda kumtazama kwake Sutton Coldfield. Kumetulia huko, miti mirefu na majumba ya watu wenye nafasi. Asubuhi wanapanda treni kwenda mjini, jioni wanarudi. Mwaka 1974 serikali iliitia Sutton ndani ya Birmingham. Bi Hadley ana miaka themanini na moja na mpaka leo hajakubali. Kwenye bahasha anaandika Warwickshire. Barua zinafika, sijui vipi. Nilipomweleza ya kwenu aliuliza, "Waliulizwa?" Nikasema hawakuulizwa. Akasema, "Na sisi vile vile," akataka chai nyingine.

Nimeifikiria habari hii kwenye basi, nikaona mwenye kosa si serikali. Serikali imehesabu ilichokiona. Wenye kosa ni hao wanaotoka kila asubuhi kwenda Birmingham. Wanalala Tansley, nguvu zao wanazipeleka kwengine, na kwa ajili yao hospitali ya wagonjwa na wazee inaitwa ya jiji. Hao ndio waliowauza. Wewe umekaa hapo na hospitali yako, umewatumikia watu wa mji wako, nawe huhesabiwi. Kama kuna mmoja wao unayemjua, mwambie kutoka kwangu hana haya.

Msalimie wifi yangu. Mwambie asibebe ndoo.

Zuleha

*

Tansley, Alabama
22 Agosti 2003

Dada Zuleha,

Barua yako imefika. Nimeisoma zaidi ya mara moja.

Juzi ulikuwepo mkutano ukumbi wa skuli. Mkubwa wa hospitali alisema wodi ya wazazi itafungwa tarehe thelathini Septemba. Mtu mmoja akauliza, serikali si imetupa muda kabla ya kukata msaada? Akajibu ni kweli, muda tumepewa, lakini kungoja ni kuzama polepole. Mwanamke mmoja akasimama akauliza, hao wanaokwenda Birmingham ni nani, wasimame tuwaone. Hakusimama mtu. Nilikuwa nimekaa nyuma.

Iman atazalia Birmingham basi. Njia ni nzuri, lami tupu. Ukiijua njia si mbali.

Watu hao unaowasema nami nimewafikiria. Labda wengine hawakupata kazi hapa. Sijui.

Mwadini

*

Kings Heath, Birmingham
12 Septemba 2003

Ndugu yangu,

Barua yako fupi kama ya mdeni. Una nini?

Nimekutumia kifurushi. Kuna kanga mbili za Iman, udi, na nguo za mtoto alizozifuma Bi Hadley kwa mikono yake inayotetemeka, ukiona tundu usiseme.

Sikiliza ninayokwambia kama niliyezaa. Mimba ya kwanza haina saa yake. Siku ya kwanza ya Oktoba mchukue umpeleke Birmingham akae huko mpaka ajifungue, kwa mtu yeyote, hata msikitini wataulizia nyumba. Wewe omba ruhusa. Wewe ni mtu wao wa maabara miaka yote hiyo, wanakujua, hawawezi kukunyima wiki mbili. Kama wanaona haya kidogo kwa kuifunga wodi, na wakupe tatu.

Nijibu upesi. Niandikie umekwisha kuomba.

Zuleha

*

Tansley, Alabama
30 Oktoba 2003

Wifi yangu Zuleha,

Assalaam alaykum. Hujanisoma kabla, siku zote Mwadini ndiye anayeandika nami naongeza salamu. Leo hajui kama nakuandikia.

Kwanza nikutoe wasiwasi. Nimezaa mtoto wa kike tarehe kumi na nne. Mzima, ana nywele mpaka shingoni. Tumempa jina la mama yenu, Mwanamkasi. Mimi nilitoka damu nyingi nikalazwa siku nane, sasa nakwenda mwenyewe mpaka barazani.

La pili ni zito. Wifi, Mwadini hafanyi kazi hospitali. Alifanya miaka mitatu tu, kisha wakamwambia cheti chake cha Zanzibar hakitoshi, wakamtoa. Hiyo ilikuwa 1999, mimi sijafika. Tangu hapo anafanya kazi Birmingham, kwenye kiwanda cha kufua mashuka ya mahospitali. Anatoka kumi na nusu alfajiri. Uliposema waliotuuza hawana haya, ulikuwa unamwambia yeye. Barua yako hiyo ameikunja na ipo ndani ya gari, nyuma ya kile kibao cha kuzuia jua.

Ruhusa aliomba, wakamnyima. Siku ile uchungu ulinianza saa mbili asubuhi, yeye yuko kazini. Gari la wagonjwa la kaunti ni moja na lilikuwa limeshatoka. Nikampigia kiwandani kwa simu ya jirani. Alikuwa yuko Birmingham tayari, wifi. Akaja mbio maili arobaini na nane kunichukua, kisha akageuza kunirudisha alikotoka. Mtoto alitoka njiani, gari limesimama kwenye majani, malori yanapita. Alimpokea mwenyewe, akamfunga kwa kanga uliyoleta, akaendesha mkono mmoja.

Karani wa vizazi akauliza amezaliwa wapi. Hatujui. Pale kuna mpaka wa kaunti mbili na bango tulikuwa tumelipita au bado, sikumbuki. Karani akasema sheria ni pale mtoto alipotolewa garini kwanza, akaandika Birmingham. Mwadini alicheka. Alicheka mpaka muuguzi akaja kumtazama.

Tangu siku hiyo hajaenda kazini. Anasema akikaa nyumbani hesabu itarudi. Nikamwambia, mtu mmoja unarudisha hesabu gani? Akanijibu, "Mimi si mtu mmoja, mimi ni watu sita." Niliogopa. Kisha akanieleza. Sensa ya 2000 nyumba nyingi zilipewa karatasi fupi, na moja katika kila sita ikapewa ndefu, na ni hiyo ndefu inayouliza wiki iliyopita ulifanya kazi wapi. Yeye alipata ndefu. Akaandika Birmingham. Kwa hiyo jibu lake limehesabiwa kama la watu sita. Anakaa mezani na kalamu, anajumlisha.

Sina wa kumuuliza kama mume wangu anaumwa au anasema kweli. Wewe ndiye anayekuogopa. Mwandikie.

Wifi yako,
Iman

*

Kings Heath, Birmingham
17 Novemba 2003

Mwadini ndugu yangu mpenzi,

Hongera ya mwana. Mungu amkuze.

Iman ameniandikia. Usimgombeze, umenifichia miaka minne na yeye amenifichulia kwa kurasa mbili, nani mwenye kosa hapo. Lakini kabla sijakusema, nisikilize mimi.

Mimi si muuguzi. Sijawahi kuwa. Hospitali ile ya Edgbaston ninayowaambia nafanya kazi naiona kwenye dirisha la basi nikienda msibani. Kazi yangu ni kuwaosha wazee majumbani kwao, kuwavisha, kuwalisha, kuwabadilishia matandiko. Bi Hadley hakuwahi kulala wodini kwangu, sina wodi. Naondoka Kings Heath na basi nambari hamsini, mjini napanda treni mpaka Sutton, siku sita kwa wiki. Yaani mimi ndiye yule niliyemtukana, kwa miguu yangu miwili. Nilimwambia mama kwamba mimi ni muuguzi mwaka niliofika, kwa sababu alikuwa amewaambia watu, na tangu hapo nikawa nalilinda neno lake.

Na si mama tu. Hapa sensa ilikuwa 2001. Fomu ikauliza anwani ya mahali unapofanya kazi. Nilikaa na kalamu kama wewe, nikaandika hospitali ya Edgbaston. Hakuna aliyeniuliza, hakuna ambaye angeniona, nikaandika tu. Kwa hiyo kwenye vitabu vya serikali yupo mwanamke anayekwenda Edgbaston kila siku, na huyo mwanamke hayupo. Tangu nisome barua ya Iman najiuliza wamo wangapi kama mimi katika hizo orodha. Wewe uliandika kweli, na kweli yako inakutafuna. Mimi niliandika uongo na nalala vizuri. Sielewi.

Jumamosi nilikwenda maktaba kuu. Kuna kijana wa kaunta anaitwa Ranjit, nilimweleza nataka hesabu ya watu wa kaunti ya Alabama wanaokwenda kazini Birmingham. Akanionesha ratiba ya mabasi ya Birmingham. Nikasema hapana, ya Amerika. Tulihangaika karibu saa mbili kwenye kompyuta, akachapisha karatasi, nimekutilia humu. Soma mstari niliopigia wino. Wafanyakazi wa Tansley ni 7,412. Wanaokwenda kwenye kiini ni 1,973. Robo ni 1,853. Ranjit alipiga hesabu mara mbili, na mimi nikapiga nyumbani kwa vidole. Ili Tansley ibaki nje, walitakiwa wasiende watu 121. Wewe ungekaa nyumbani, ukachukua na hao wenzako watano wa kwenye karatasi, mngebakisha 115. Ungekuwa watu sita, ungekuwa watu sitini, Tansley ingekwenda.

Sikwambii hivi ili upone leo. Nakwambia uweke kalamu chini.

Na lile neno langu la Agosti litoe garini ulichane. Sikujua nalisema kwa nani, na hata ningekuwa nalisema kwa mtu mwingine lilikuwa neno baya. Mtu anakwenda kazi ilipo.

Rudi kazini kabla hawajamweka mwingine. Iman mrudishe kwa daktari, damu ya uzazi si ya kupuuzwa. Mama nitampigia Ijumaa nimwambie yangu. Yako mwambie mwenyewe.

Dada yako,
Zuleha

*

Tansley, Alabama
19 Januari 2004

Dada yangu Zuleha,

Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nikianza naandika hesabu.

Karatasi yako ya maktaba nimeisoma mpaka imechakaa. 121. Nilitaka kuwajua. Nilipoanza tena kazi, mwezi wa Desemba, nikawa napita kituo cha petroli mapema na kuwatazama. Tunasimama pale kila alfajiri miaka minne, watu ishirini thelathini, tunajaza mafuta, tunanunua kahawa, hatusemezani. Mmoja anajenga nyumba, mmoja anapika kwenye hoteli, wawili wanafanya kazi hospitali kubwa ya huko kama wafagizi. Nikafikiri, kila mmoja wa hawa amekaa kwake na hesabu yake. Kule mkutanoni hakusimama mtu, na sote tulikuwemo.

Asubuhi moja nikasema. Sikupanga. Mwanamme mmoja alikuwa analalamika kwamba binti yake ana mimba na wodi imefungwa, nikamwambia mwanangu alizaliwa kwenye majani kule penye mpaka. Watu wakageuka. Nikawaeleza yote, na Kiingereza changu hiki. Nilipomaliza, yule anayepika akasema, "Lakini sisi tunakwenda huko kila siku." Alisema kama mtu aliyegundua jambo. Basi tukabandika karatasi dukani pale kituoni. Mwanamke aliyekaribia siku zake anaandika jina na nyumba, na anayetoka asubuhi hiyo anampitia na kumpeleka, akakae huko au akatazamwe, na anayerudi jioni anamrudisha. Wodi haijafunguliwa na haitafunguliwa. Wakubwa wamekwisha kuuza vitanda. Kaunti imeandika kulalamika kwa orodha, na imejibiwa kwamba orodha ni ya takwimu tu.

Mama nimempigia. Nilimwambia nafua mashuka. Akauliza, safi yanatoka? Nikasema yanatoka. Akasema basi. Wewe alikujibu nini, hujaniambia.

Iman amepona, alirudi kwa daktari na dawa za damu anakunywa. Mwana ana meno mawili ya mapema, kila mtu anasema si kawaida. Bado nikiulizwa naishi wapi nasita. Siku nyingine nasema Tansley, siku nyingine nasema Birmingham, na zote mbili nikizisema naona kama nadanganya kidogo.

Nikwambie moja nimalizie. Wa kwanza kuandika jina alikuwa Cheryl, mwanamke wa Kizungu anayekaa nyumba inayoelekea yetu. Simu ile Iman aliyonipigia siku ya uchungu ilikuwa yake. Miaka saba namwona anatoa takataka, nami natoa zangu, tunainuliana mkono. Jumanne iliyopita mumewe yuko safarini na uchungu ukamshika wakati mimi nawasha gari. Mwana tukamwacha kwa mama yake Cheryl, Iman akakaa nyuma na Cheryl, akimshika mkono na kumwambia maneno ya Kipemba ambayo hakuyaelewa hata moja. Penye ule mpaka nilipunguza mwendo bila kujua. Iman akanipigia kelele, "Twende!"

Tulifika saa kumi na mbili kasorobo. Karani wa mapokezi akanitazama, akamtazama Cheryl, akaniuliza, "Wewe ni nani wake?" Nilisimama. Kwenye fomu yake palikuwa na vijumba vya kutia alama, mume, baba, ndugu, na sikuona pangu. Cheryl alikuwa ameinamia meza, anapumua kwa shida. Akainua kichwa akasema, "Ni jirani yangu." Karani akatafuta, hakukuwa na kijumba cha hilo, akaliandika pembeni kwa mkono.

Alizaa mtoto wa kiume saa tatu. Mimi nilifika kiwandani nimechelewa sana, na msimamizi akaniuliza nilikuwa wapi. Nikamwambia nimempeleka jirani yangu hospitali. Nikaona ameridhika, akanipa glavu, nikaingia kufua. Nilikuwa sijawahi kulisema neno hilo kwa Kiingereza tangu nifike nchi hii.

Ndugu yako,
Mwadini